Kijitabu cha Maswali na Jina la Babu

Jumapili, tarehe nane Juni. Upepo wa huku Ipogolo umevuma tangu alfajiri na kubeba vumbi lote la barabara kuu. Jua lipo lakini halina kazi, baridi imeingia mpaka kwenye magoti. Ibadani sikwenda. Nimekaa jikoni karibu na jiko la mkaa, na wajukuu wamerudi kanisani wakiwa na simu zao, wakaniuliza enzi zetu tulisomaje Biblia bila simu. Nimewasimulia. Sasa naandika, ingawa mimi niliishia darasa la nne na sina hakika kama mambo haya yanafaa kuandikwa. Kama wewe ni wa rika langu, utanisahihisha.

Tulipokuwa wadogo, miaka ile ya hamsini, tuliishi kwenye vilima vya Mbeya, upande wa kwenda Tukuyu. Huko asubuhi ukungu ulikuwa ukiingia ndani ya nyumba kama mgeni asiyepiga hodi. Ukitoka nje humwoni ng'ombe, unasikia tu anatafuna. Tulikwenda shule miguu mitupu juu ya umande, na viazi vya kuchoma tumeviweka kifuani, ndani ya nguo, vitupashe moto njiani kisha tuvile mapumziko. Kiazi kimoja kilifanya kazi mbili. Siku hizi mjukuu wangu ana sweta mbili na bado anasema anaganda.

Michezo yetu ilikuwa ya mteremko. Tulikata gogo la mgomba, tukalikalia watatu watatu, tukateleza mpaka kwenye kijito. Aliyekaa mbele ndiye aliyekula matope. Mama akituona tunarudi alisema, "Nguo hiyo ni moja, na kijito ni kile kile ulichotoka. Rudi ukaifue." Hakutupiga kwa ajili ya matope. Nasema haya kwa haki, maana kaka yangu Ambakisye yeye husema alipigwa. Labda yeye alipigwa, mimi sikupigwa.

Lakini niliyetaka kumsema ni mama na kile kijitabu.

Kijitabu kilikuwa chembamba, jalada lake la rangi ya majivu, karatasi zake ngumu za kukwaruza. Kililetwa na kanisa kwa ajili ya watu wa darasa la ubatizo. Kila somo lilianza na mafungu ya kusoma kwenye Biblia, kisha maswali, kisha mwishoni mstari mmoja wa kusema fikiri jambo hili nyumbani kwako. Kilinukia moshi, kwa sababu kila nyumba iliyokuwa nacho ilikisomea jikoni. Sisi tulikuwa nacho kwa sababu ya mama. Baba alibatizwa zamani, alipokuwa kijana. Mama alikuwa bado.

Na kwa nini ilimuuma, nieleze. Kanisani kwetu, siku ya Meza ya Bwana, wasiobatizwa walitoka nje kabla mkate haujamegwa, na mlango ukafungwa. Mama alitoka pamoja na sisi watoto. Tulikaa chini ya mikaratusi, sisi tunacheza mdako kwa vijiwe, yeye amegeuza uso kwenye mlango uliofungwa, anasikiliza wenzake wanavyoimba ndani. Alikuwa na sauti nzuri sana mama. Akiwa nje alikuwa anaimba nao kwa chini, midomo tu. Siku moja aliniambia, wala sikumuuliza, "Mimi nataka ule mlango siku moja ufungwe nikiwa ndani." Hakutaka kingine mwaka ule.

Mama hakujua kusoma. Mimi nilikuwa najua, kidogo, kwa kufuata na kidole. Basi jioni, wakati chungu kiko motoni, nilikaa kwenye kigoda na kijitabu, yeye na ungo wa maharage. Utaratibu wetu ulikuwa huu. Nasoma swali. Mama anajibu kwanza kwa kichwa chake, bila kufungua Biblia. Kisha nafungua fungu, nasoma, tunaona kama amepata. Akipata, anamenya ganda jingine kwa furaha, linalia taa! Akikosa, anaweka ganda chini bila kulimenya, mpaka alirudie swali na kulipata. Kuna jioni tulikula tumechelewa kwa sababu ya Nuhu.

Kurasa tuliziwekea alama kwa vipande vya majani makavu ya mgomba. Biblia ya baba ikawa imevimba kama kuku aliyenyeshewa na mvua. Na mama alikuwa na akili, nisimpunje. Niliposoma habari ya yule mwanamke aliyepoteza sarafu akafagia nyumba nzima, mama alisema, "Huyo alikuwa na sakafu ya udongo kama yangu. Kwenye saruji angeiona mara moja." Sijui kama ni kweli. Lakini tangu siku ile siwezi kuisoma habari hiyo bila kuiona sakafu yetu.

Sasa kulikuwa na jambo moja. Babu yangu mzaa baba alibatizwa Petro. Na wewe uliyekulia kwetu unajua tayari tunakoelekea, ila wajukuu wangu waliozaliwa huku Iringa nimewaeleza, na hapa naeleza tena. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule mke wa mtu hakumtazama baba mkwe wake. Wakikutana njiani, mama aliingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Hawakukaa nyumba moja. Kanisani wazee waliruhusu wawe chini ya paa moja, lakini mama aliingia kwa mlango wa pembeni na akakaa amemgeuzia bega. Na jina lake hakulitamka kabisa. Haikuwa chuki. Babu alimpenda mama, alimletea ndizi mbivu akaziacha kwenye kona ya nyumba, akakohoa, akaenda zake. Ndivyo walivyosalimiana miaka yote. Kikohozi na mkungu wa ndizi.

Sisi wajukuu tulikuwa huru. Tulimtania babu, tukamwita Petro mchana kutwa, na sisi wasichana alituita wake zake. Kwa hiyo mimi niliposoma kwenye kijitabu jina la Petro nililisoma kwa sauti, na mama alipojibu alisema "Mvuvi." Nani alitembea juu ya maji? Mvuvi. Nani alichomoa upanga bustanini? Mvuvi. Tulielewana vizuri tu. Hata baba akipita akasikia "Mvuvi" hakushangaa, alijua ni nani. Na hapo ndipo tulipokosea, nyumba nzima. Wote tulijua kwamba mama anajua, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba kuna siku ataulizwa na mtu asiye wa nyumbani.

Mwinjilisti wa zamani angejua. Lakini alihamishwa, akaja mwingine kutoka upande wa Iringa, Mbena, Mwalimu Zakaria. Kijana mwembamba, mwenye koti kubwa kuliko yeye, mpole. Alisalimia watu "Kamwene" na sisi watoto tulimfuata nyuma tukiigiza, "Kamwene, kamwene." Alicheka tu. Nasema alikuwa mtu mzuri ili asije mtu akasoma hapa akadhani namlaumu. Hakuna aliyemwambia kitu.

Siku ya watu wa ubatizo kuulizwa maswali ilikuwa Jumamosi. Kanisa lilijaa, kwa sababu kuwasikiliza watu wakiulizwa kulikuwa burudani kuliko yote, hatukuwa na redio. Mbele walikaa wazee wa kanisa kwenye benchi, na babu akiwa mmoja wao, na Mzee Anyosisye, jirani yetu, mtu mkali wa mambo ya dini. Bibi yangu, mke wa babu, alikaa kwenye mkeka na wanawake. Sisi watoto tulijaza madirisha. Mama alisimama kwa kujipinda, ubavu kwa benchi la wazee, khanga imefunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Mwalimu Zakaria hakuwa na maswali ya kupanga. Alifumba macho, akafungua kijitabu popote, akauliza lililotokea.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mama alijibu habari za Nuhu. Alijibu habari za Ruthu na mama mkwe wake, akaeleza mpaka walivyookota masuke, na wanawake wakaitikia "Eee." Mimi dirishani nilikuwa nahesabu maganda ya maharage kichwani, taa, taa, taa.

Mwalimu akafungua tena. "Ni nani aliyeshuka chomboni akatembea juu ya maji, kisha akaanza kuzama?"

"Mvuvi," mama akasema.

Wanawake wakacheka chini chini. Mwalimu akatabasamu, akadhani amesahau. "Wavuvi walikuwa wengi, mama. Jina lake."

Mama akaivuta khanga mbele zaidi.

"Haya, tuliache." Akafumba macho, akafungua. "Nani alimkata mtu sikio bustanini?"

Mama akasema, "Huyo huyo."

Sasa watu walianza kuziba midomo kwa khanga. Mwalimu alitazama nyuma yake kuona kama kuna mbuzi ameingia. Akafungua mara nyingine, na mimi nakuapia hakuchagua, kidole chake kilikwenda chenyewe. "Ni nani aliyesema hamjui Bwana, jogoo akawika?"

Hapo kanisa lilikufa kwa kicheko. Fikiria mwenyewe. Haitoshi alitaje jina la mkwe, na alitaje kwa kosa kama lile, mkwe mwenyewe ameketi mbele. Babu alikuwa akitazama boriti za paa kama anazihesabu. Mama alisema kwa sauti ndogo, "Ni huyo huyo, Mwalimu, naye alilia sana baadaye." Alijaribu kumsaidia, ndivyo nilivyoona mimi.

Mwalimu alifunga kijitabu. Hakucheka tena, alihuzunika. "Mama, umejifunza vizuri, lakini mitume ni lazima tuwajue kwa majina. Labda tungoje darasa lijalo."

Nilimwona mama anashika ncha ya khanga. Darasa lijalo maana yake mvua nyingine ipite na mavuno mengine, yeye yuko chini ya mikaratusi na sisi. Kicheko kiliisha pale pale. Ndipo bibi yangu alipoinuka kutoka kwenye mkeka, akapangusa magoti, akasema:

"Mwalimu, huyo unayemtaka amtaje, nimeolewa naye mimi."

Mwalimu Zakaria hakuelewa kwanza. Alimtazama bibi, akamtazama babu kwenye benchi, akamtazama mama alivyojipinda. Kisha akaweka mkono kinywani. "Nisamehe, mama mkubwa. Hata kwetu mkwe tunamheshimu. Sikujua jina la mzee, mimi namjua kwa jina la ukoo tu."

Hapo Mzee Anyosisye akasimama. Watu wengi walimchukia kwa siku ile, lakini mimi nikifikiri kwa uzee wangu huu, naona alikuwa na hoja. Alisema, "Leo mmoja asimtaje mtume kwa ajili ya mkwe. Kesho mwingine mkwe wake anaitwa Yohana, mwingine Musa. Tutabatiza watu wenye Biblia yenye matundu. Alitaje, ndiyo Ukristo."

Babu akakohoa. Kile kikohozi cha ndizi. Akasema bila kugeuka, "Mimi natoa ruhusa. Alitaje."

Mama akatikisa kichwa. Hata ruhusa yenyewe hakuiweza. Ulimi ambao haujawahi kutamka neno tangu siku ya kuolewa hauanzi Jumamosi moja mbele ya watu. Bibi akamsemea, "Muacheni. Mzee anatoa ruhusa leo, kesho akiumwa tumbo nani atalaumiwa?" Watu wakacheka tena, na ule ukali ukapungua.

Mwalimu Zakaria akakuna kichwa, akasema, "Hebu kwanza. Huyu mtume hana jina jingine?"

Mtu nyuma akasema, "Simoni."

"Na hilo ni lake," bibi akajibu. "Siku ya kubatizwa aliulizwa achague moja, akasema atachukua yote mawili, yasibaki bure." Babu alihamisha macho kwenye boriti nyingine.

Sasa kilichofuata ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kanisa zima liliingia kazini. Wenye Biblia walizifungua, wasio nazo waliwasogelea wenye nazo. Wanaume wa benchi la wazee na vijana wa madirishani walikuwa wakiuliza kitu kimoja, aliitwa nani tena yule? Kurasa zililia kama kuku kwenye majani makavu. Kaka Ambakisye anasema ni yeye aliyemkumbusha Mwalimu. Mimi nakumbuka ni Mwalimu mwenyewe. Sitaki kumnyima kaka, lakini ndivyo ninavyokumbuka. Mwalimu alirudi kwenye masomo ya mwanzo ya kijitabu, akapitisha kidole, kidole kikasimama. Akamtazama mama, akauliza taratibu, kama mtu anayemvusha mwenzake mtoni:

"Somo la Andrea. Andrea alimpeleka ndugu yake kwa Bwana. Bwana alipomwona akampa jina jipya, kwa lugha yao ya kule. Alimwita nani?"

Mama aliinamisha kichwa. Nikaiona midomo inatembea, na vidole vyake vikawa vinasuguana, kidole gumba na cha shahada, vinamenya ganda ambalo halipo. Mimi nililisoma somo lile mwanzoni kabisa, wakati maharage bado ni machanga, na sikuwa na hakika kama nililisoma vizuri. Nilikuwa najiambia, kama nililiruka neno hilo, basi nimemfungia mama mlango mimi mwenyewe.

Mama akainua uso. "Kefa," akasema.

Mwalimu hakusema ndiyo wala hapana. Alimpelekea Mzee Anyosisye Biblia, akamwonyesha mahali. Mzee akavaa miwani, akasoma kimoyomoyo, akarudia. Angeweza kubisha, maana hakupenda kushindwa. Lakini alivua miwani akasema kwa sauti ya watu wote, "Limo." Kisha akakaa. Kwa neno lile moja mimi nilimsamehe Mzee Anyosisye mambo mengi, pamoja na fimbo za kututoa kwenye miwa yake.

Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilifika Tukuyu. Bibi alicheza peke yake mbele ya benchi la wazee, na babu, nakuambia, babu alitabasamu kwa boriti.

Siku ya ubatizo mchungaji alikuja, mama akaitwa Tabitha. Kisha ikaja Meza ya Bwana, tukatolewa nje sisi watoto kama kawaida, na mlango ukafungwa. Nilikaa chini ya mikaratusi na vijiwe vyangu mkononi, na mara ya kwanza mama hakuwepo. Nilijisikia mpweke kidogo, nisidanganye. Halafu wimbo ukaanza ndani, nikaisikia sauti yake, siyo ya midomo tu tena, sauti yote, imepita juu ya wenzake, inatoka madirishani. Nikaacha mdako nikasikiliza.

Kuanzia hapo wakwe wote wa kilima chetu waliosoma kile kijitabu walisema Kefa. Kefa alitembea juu ya maji, Kefa alilia jogoo alipowika. Mgeni akija alidhani sisi tuna mtume wa kwetu. Babu aliishi akazeeka, na mama akiwa na miaka mingi ya ubatizo bado aliingia kwenye migomba akimwona anakuja.

Nimeolewa huku Iringa, nimezeekea huku. Wajukuu wangu leo wanabonyeza simu, fungu linakuja lenyewe, na maelezo yake, na ramani, na mtu wa kusoma kwa sauti. Nisiwaonee, yako mambo wamenionyesha humo ambayo kijitabu chetu hakikuwa nayo, kumbe ile bahari aliyotembea Kefa ilikuwa ziwa, nami sikujua miaka yote hii. Lakini kila mmoja anasoma peke yake, ameinama, na masikio ameyaziba kwa waya. Wakati mwingine chaji inaisha na Biblia inazimika katikati ya mstari. Yetu haikuzimika. Ila ilihitaji watu. Mmoja wa kusoma, mmoja wa kujibu, mmoja wa kubisha, na bibi mmoja wa kusimama kwenye mkeka. Hicho ndicho ninachokitamani, na sijui kama kinaweza kurudi, wala kama nina haki ya kukidai kwa watoto hawa ambao hawajakosa kitu.

Jioni hii mkwe wangu, mke wa mwanangu, alimwambia binti yake mdogo atusomee fungu kabla ya kula. Alifungua simu yake, akasoma habari ya yule mama aliyekuwa kitandani ana homa, Bwana akamshika mkono akapona akainuka kuwahudumia. Alipofika kwenye kueleza ni mama mkwe wa nani, alisimama kidogo, akanitazama, akasoma, "mama mkwe wa Kefa." Simu haikuandika hivyo, najua. Hakuna aliyemwambia.

Nikasema amina mapema kuliko ilivyotakiwa. Kisha tukala mbalaga, ndizi za Tukuyu alizoleta dereva mmoja wa jirani, zilizopikwa na maharage mabichi niliyoyamenya mchana, na maziwa ya mgando.